Mfumo wa Zamani wa Mzee Shabani

Wenzangu wa karakana, mliniomba niandike kidogo kuhusu kazi ilivyokuwa kabla yenu. Mlitaka hasa kujua tulikuwa tunafanyaje wakati hakukuwa na mtandao wa kuuliza kila kitu. Tulikuwa tunaulizana sisi kwa sisi, na pale ambapo hakuna aliyejua tulikaa kimya mbele ya mashine mpaka mmoja aende kutengeneza kahawa. Mengi yalitatuliwa wakati wa kahawa. Habari za vyeo na mishahara sitaziandika, hazikuwa nyingi na hazifurahishi kusoma.

Niliingia karakana hii ya mtaa wa Saint-Josse mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimetoka Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, na hapa Brussels nikasoma kozi ya ufundi wa kompyuta pamoja na watu wazima wengine waliokuwa wanatafuta kazi. Karakana ilikuwa chumba kirefu chenye giza kati ya duka la mikate la Waturuki na duka la mapazia. Mwenye karakana alikuwa Mflamandi aitwaye Rik, mtu mnene mwenye miwani iliyofungwa kamba. Alikuwa amekarabati mashine za chapa nusu ya maisha yake, na kompyuta zilipokuja akazipokea kama mtu anavyompokea mkwe asiyemchagua mwenyewe.

Siku ya kwanza nilimpa cheti changu. Akakiweka mezani bila kukisoma, akatazama mikono yangu.

"Ni midogo," alisema. "Vizuri. Yangu haiingii tena kwenye hizi mashine za siku hizi."

Akanipa kibodi iliyokufa, akaniambia niifungue yote, niisafishe, niirudishe ilivyokuwa. Nilifanya hivyo mpaka mchana, na nilipomaliza kulikuwa na skrubu moja imebaki mezani. Nilidhani nimefukuzwa. Rik akaichukua, akaigeuza kwenye mwanga, akasema kuwa waliotengeneza kibodi ile walikuwa waoga na waliweka skrubu nyingi kupita kiasi. Sijui hadi leo kama alikuwa anasema kweli au ananihurumia.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Bisibisi za saizi mbalimbali, brashi ya kufagilia vumbi, spiriti, pamba, na disketi. Ninyi disketi mmeziona kama picha ya kubonyeza ili kuhifadhi kazi. Sisi tulikuwa tunaishi nazo. Programu moja ya ofisi ilikuja kwenye rundo la disketi, na ulikaa hapo ukiilisha mashine disketi moja baada ya nyingine, ukisikiliza inavyozitafuna. Rik alizitunza ndani ya mkebe wa biskuti juu ya rafu, mbali na spika na kitu chochote chenye sumaku, na aliyeugusa mkebe huo kwa mikono yenye mafuta ya mikate alisikia habari yake.

Kulikuwa na jambo moja lililowatesa wageni wote wa kazi ile. Unapoanza kuweka mfumo kwenye mashine tupu, mashine haijui bado kwamba iko Ubelgiji. Inadhani iko Marekani. Unabonyeza A, inatokea Q. Unatafuta alama ya nukta mbili mahali ilipoandikwa, haipo. Mpaka uiambie kibodi ni ya nchi gani, unaandika kama mtu anayevaa viatu vya mguu mwingine. Niliwahi kumwona kijana mzima, mwenye shahada, akiondoka kwenda kuvuta sigara kwa sababu ya herufi hiyo moja.

Lakini alichonifundisha Rik kuliko hayo yote ni kwamba mashine haifunguliwi kabla ya kumwona mwenyewe akiitumia. "Mteja atakwambia kinachomuudhi," alisema. "Siyo lazima kiwe ndicho kilichoharibika." Nilidhani ni mazoea ya wazee, mpaka alipokuja Aziza.

Aziza alikuwa msichana wa Buyenzi kama mimi, ingawa aliondoka mdogo na mimi niliondoka mkubwa. Alikuwa anasomea uuguzi. Aliingia karakana na mfuko wa nailoni, ndani yake kompyuta ya mkononi, ile ambayo hapa wote tunaiita portable. Ilikuwa miaka ile mfumo mpya wa Windows ulipoingia kwa kishindo, na kila mtu alitaka kuonekana nao.

"Dada, hii kitu inatutesa," alisema aliposikia Kiswahili changu. "Iko polepole sana. Nimeambiwa muongeze mémoire, kumbukumbu yake, itakuwa bon."

"Nani anaitumia?"

"Baba. Anaongea nayo."

Sikuelewa, akanieleza. Baba yake, Mzee Shabani, alikuwa ameugua saratani ya koo. Madaktari wa hapa walimwokoa, lakini walitoa kisanduku cha sauti, na tangu hapo alikuwa anapumua kwa tundu shingoni na hawezi kutoa neno. Walimpa kifaa cha kubana chini ya kidevu kinachotoa mvumo. Akakijaribu siku chache, akakirudisha. Hakutaka wajukuu wa jirani wamkimbie. Kalamu nayo haikumfaa. Gumba lake la kulia lilibanwa na mlango wa ghala zamani, alipokuwa karani wa bandari kule Bujumbura, na tangu hapo mwandiko wake hausomeki. Lakini kwenye mashine ya chapa alikuwa hodari. Kwa hiyo ndugu walichanga, wakamnunulia ile portable iliyokwisha kutumika, ili aandike na watu wasome.

Nilimwambia Aziza kwamba nitakuja nyumbani kwao kabla ya kuigusa.

Walikaa ghorofa ya juu, mitaa michache kutoka karakana. Mzee Shabani alikuwa mtu mwembamba, amevaa kofia safi na skafu iliyofunika shingo. Alinisalimia kwa kushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, kisha akakaa mbele ya mashine. Vidole vyake vilipoanza kazi niliona mara moja kwamba nimekutana na mchapaji. Vyote kumi, bila kuangalia chini. Ila kwenye skrini hapakuwa na kitu. Taa ya diski iliwaka na kuzima, mashine ikagugumia, na baada ya muda neno likatokea kwa mkupuo, kisha kimya tena.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Haruna, mdogo wake Mzee Shabani. Alikuwa anasafisha treni pale Gare du Midi na alipita kila alipomaliza zamu. Alikuwa mtu mkarimu. Alileta machungwa, akaweka maji jikoni, akauliza dawa kama zipo.

"Kaka, umelala vizuri?" akauliza.

Mzee Shabani akaanza kuandika. Haruna akasimama nyuma ya kiti, akatazama skrini iliyo tupu, akatazama saa yake.

"Amelala vizuri," aliniambia mimi. "Siku hizi anaendelea vizuri sana, alhamdulillahi. Aziza, nitarudi kesho."

Akaondoka. Tulisikia viatu vyake kwenye ngazi. Ndipo maneno yakatokea yote pamoja: *Sikulala. Tundu linawasha. Kaa kidogo.*

Aziza akageukia dirisha. Mzee Shabani akafuta maneno yale, herufi moja moja, na kufuta nako kulichelewa.

Nilimsimulia Rik niliporudi na mashine. Alifungua ile portable, akatazama ndani, akaifunga. Mémoire ya aina ile ilikuwa haipatikani tena kirahisi, kila kiwanda kilikuwa na kipande chake. Akavua miwani.

"Hii haina ugonjwa," alisema. "Imebebeshwa mzigo wa mashine kubwa kuliko yenyewe. Aliyeiuza alitaka ipendeze. Ishushie mzigo. Weka mfumo ule wa zamani, na programu ya kuandikia ya zamani. Itakimbia."

Mambo ya ufundi yalikuwa hayo tu. Kumweleza Aziza ndiyo ilikuwa kazi.

"Donc tunarudi nyuma?" aliuliza. Hakupandisha sauti. "Dada, hapa sisi tunapewa vya zamani kila siku. Viti tumepewa vya zamani, makoti ya zamani, hata hii nyumba watu wengine wameikimbia. Hii kitu ndugu wamechanga, kila mmoja ametoa, ili Baba apate ya kisasa kama watu. Sasa unaniambia tuitoe ya kisasa?"

Na mimi koti nililovaa lilikuwa la kupewa. Nikamwambia tu kwamba mwenye kuamua ni baba yake. Tukamrudishia mashine, tukamwuliza. Akaandika, tukasubiri, na safari hii hakuna aliyeondoka. Maneno yakaja: *Weka ya zamani. Na mimi ni wa zamani.*

Aziza alicheka bila kutaka.

Nilianza asubuhi yake. Kwanza nilitoa nakala ya kila alichoandika mzee, maana hata salamu za kila siku alikuwa anazihifadhi. Kisha nikafuta diski yote. Nikaiamsha mashine kwa disketi, nikaigawa diski upya, nikaipangusa, nikaweka DOS, mfumo wa msingi, nikaiambia kibodi ni ya Ubelgiji, na Q ikarudi mahali pake. Halafu Windows ile ya awali, ya madirisha ya kijivu, ambayo wakati huo tayari watu waliicheka. Ilikwenda vizuri. Kisha nikafika kwenye programu za ofisi, na katikati ya rundo, disketi moja ikagoma. Mashine iliisoma, ikarudia, ikatoa sauti ya kukwaruza, ikakataa. Niliitoa, nikaizungusha kwa kidole, nikasafisha kichwa cha kusomea kwa spiriti, nikajaribu tena. Hapana. Rik aliijaribu kwenye mashine nyingine tatu. Ilikuwa imekufa, na wauzaji wetu walikuwa wamekwisha kurudisha matoleo yale kiwandani.

"Nani bado anaitumia hii?" Rik aliuliza, akimaanisha mtu gani mwenye akili timamu.

Nilimjua mmoja. Ndani ya Galerie d'Ixelles, kati ya saluni mbili za nywele, Papa Ilunga wa Lubumbashi alikuwa na kijiduka cha fotokopi na cha kuwapigia watu barua kwa mashine: barua za komini, yaani ofisi ya serikali ya mtaa, za shule, za wenye nyumba. Nilimkuta akimsomea mama mmoja barua yake mwenyewe kwa sauti, ili aone kama hasira inatosha. Nilisubiri hasira irekebishwe, kisha nikamweleza shida yangu.

"Ile ya zamani? Iko," alisema. "Batu bote banakimbilia ya mupya, miye niko napigia tu barua na ile. Nilinunua masanduku mbili, na mashine moja ilikufa. Donc sanduku yake iko pale tu, inakula vumbi." Akainama chini ya meza, akatoka na sanduku zima, disketi zote, kitabu chake, hata karatasi ya leseni. "Ni ya nani?"

Nilimweleza habari ya Mzee Shabani. Papa Ilunga akafuta vumbi la sanduku kwa mkono. Ni mtu aliyeishi kwa kusema maneno ya wengine.

"Beba," alisema. "Na umuambie, siku akichoka kuongea na bale ba kwao, akuje hapa. Miye niko nasoma mbio."

Disketi za Papa Ilunga hazikugoma hata moja. Nilipomaliza niliondoa kila kitu ambacho mzee hakukihitaji, picha za mapambo, sauti za kengele, michezo. Nikapanga ili mashine ikiwashwa tu, ukurasa mtupu ufunguke wenyewe, na herufi ziwe kubwa kiasi cha kusomeka na mtu aliyesimama. Hilo ni jambo dogo. Lakini mtu anayeongea hatakiwi kubonyeza vitu sita kabla ya kusema shikamoo.

Mzee Shabani alikuja mwenyewe karakana, taratibu, akipumzika kwenye kila kona. Nikamweka kwenye kiti changu. Aliandika, na herufi zilitoka chini ya vidole vyake papo hapo, kama maji ya bomba. Akasita. Akatazama vidole, akatazama skrini. Akaandika tena, haraka zaidi, kama anayeijaribu itamwacha wapi. Haikumwacha. Rik alikuwa amemletea kikombe cha kahawa, na mzee akaonja, kisha akamwandikia kwa Kifaransa kwamba bandarini Bujumbura kahawa ya namna ile walikuwa wanairudisha melini.

Rik alicheka mpaka akakaa chini. Wateja walioikosoa kahawa yake kwa kawaida hawakurudi, ila huyu alirudi mara nyingi.

Nilibaki na wasiwasi mmoja. Skrini za portable za wakati ule zilionekana ukizitazama moja kwa moja tu. Ukikaa pembeni unaona giza. Kwa hiyo kila aliyeongea na mzee alilazimika kusimama nyuma yake, na yeye hakuona uso wa mtu. Nilimwambia Rik. Akaniteremshia kutoka rafuni skrini kubwa ya mezani, nzito kama gunia la mchele, yenye mkwaruzo ubavuni. Iliungwa kwa waya nyuma ya portable, na chochote kilichoandikwa kilionekana pande zote mbili: mzee anasoma upande wake, wageni wanasoma upande wao, na wanatazamana.

Niliipeleka Jumapili. Aziza alikuwa amenionya kwamba siku hiyo kuna wageni. Familia ya kijana aitwaye Idrisa ilikuwa inakuja kutoka Liège kumposa. Nilitaka kuunga waya niondoke, lakini mama mmoja aliyekuja kusaidia jikoni alininyang'anya koti akanipa bakuli la sambusa nipeleke sebuleni, na baada ya hapo sikuwa fundi tena.

Wageni walikaa: baba wa Idrisa, ami yake, na Idrisa mwenyewe ambaye hakujua aweke wapi mikono. Haruna ndiye aliyewapokea. Tangu kaka yake augue, yeye ndiye aliyesema kwa niaba ya nyumba ile, hospitalini, kominini, msikitini. Mzee Shabani alikaa kwenye kiti chake kando ya meza, na ile skrini kubwa imegeuzwa kuwaelekea wageni. Walidhani ni televisheni iliyozimwa.

Mazungumzo yalikwenda vizuri. Kisha ami akasema, kwa upole tu, kwamba wangependa mambo yasikawie. Kijana amepata kazi na nyumba kule Liège. Aziza ahamie mapema, na haya masomo ya uuguzi atayaacha kwa sasa, akipata nafasi atayarudia.

"Hakuna tatizo," alisema Haruna. "Kaka amekubali. Tumeshazungumza."

Nilisikia kibodi kabla sijaona kitu. Skrini ikang'aa, na maneno yakaandikika mbele ya macho ya watu wote, bila kuchelewa hata kidogo: *Sijakubali. Sijaulizwa.*

Haruna aligeuka, akasoma, akabaki ameshika sambusa.

Vidole havikusimama. *Idrisa nampenda. Ni kijana mzuri na ananiangalia usoni anaponisalimia. Lakini Aziza anamaliza masomo kwanza. Msiniulize mimi peke yangu. Yuko pale mlangoni anasikiliza, muulizeni.*

Wote tukageuka. Aziza alikuwa mlangoni kweli, na trei ya chai mikononi.

"Nataka kumaliza," alisema. Alimtazama Idrisa. "Halafu nitakuja Liège."

Idrisa alisema haraka kwamba atasubiri, kabla mtu yeyote mkubwa hajapata nafasi ya kuzungumza. Baba yake akamtazama, kisha akaitazama skrini, kisha akamwinamia Mzee Shabani.

"Basi, mzee mwenzangu," alisema, "hakuna lililoharibika. Tutasubiri. Na utusamehe, tulikuwa tunaongea na asiyehusika."

Mzee akajibu papo hapo: *Karibuni chakula, kabla Haruna hajawajibia kwamba mmeshiba.*

Ami ndiye aliyeanza kucheka, wengine wakafuata, na mwishowe hata Haruna. Tulikula. Mzee Shabani alisimulia kisa cha meli iliyofika bandarini na mbuzi wengi kuliko waliosajiliwa, na watu waliinama kuelekea ile skrini kama watu wanaoota moto, wakimtazama usoni kila walipofika mahali pa kucheka. Aziza alimaliza masomo yake. Leo ni muuguzi wa siku nyingi kule Liège, na mume ni yule yule.

Wageni walipoondoka nilibaki kufunga waya vizuri nyuma ya meza ili mtu asijikwae. Aziza alikuwa jikoni. Haruna alikuwa amebaki sebuleni, anakusanya vikombe ambavyo tayari vilikuwa vimekusanywa.

"Kaka," alisema mwishowe. "Miezi yote hii. Kwa nini hukuniambia kwamba hutaki nikusemee?"

Mzee Shabani alimgeukia. Hakuonekana mwenye hasira. Kisha akaandika, na mimi nikiwa nimeinama pale nyuma niliyasoma maneno yakipita kwenye kioo kikubwa:

*Nilikuwa nakwambia. Ulikuwa umeshafika kwenye ngazi.*

Haruna alisimama na vikombe vyake. Baadaye akaviweka chini, akavuta kiti mpaka mbele ya kaka yake, akakaa.

"Sawa," alisema. "Anza upya. Siendi popote."

Nilichukua bisibisi zangu, nikapitia jikoni nikamuaga Aziza, nikatoka. Nikiwa kwenye ngazi nilikuwa bado nasikia kibodi, haraka haraka, bila kupumzika.